Faili Lililokataa Kufunguka

Taa ya diski iliwaka ikakataa kuzima. Nilikuwa nimebofya mara mbili faili la maandishi matupu, lisilo na picha wala jedwali, na kihariri, yaani programu ya kuandikia maandishi, kikaleta dirisha jeupe. Juu ya dirisha pakaandikwa kwamba programu haiitikii. Kishale kikawa duara linalozunguka. Ndani ya kompyuta diski ikaanza kukwaruza, mkwaruzo ule wa kwenda na kurudi, na baada ya muda hata saa iliyo pembeni mwa skrini ikaganda.

Hicho kilikuwa kipande cha kwanza cha faili la gigabaiti 5, nililopewa likiwa vipande viwili. Kompyuta yangu ina kumbukumbu, ile RAM, ya gigabaiti 2, prosesa ya biti 32 na diski ya kuzunguka. Ndani ya faili mna sentensi za Kiswahili, moja kila mstari, zilizokusanywa kutoka maandishi ya kila aina. Nilichotaka kujua kilikuwa kidogo: maneno gani yanajirudia zaidi, na sentensi gani zimeingizwa mara mbili.

Nikashikilia kitufe mpaka kompyuta ikazima.

Kazi imekwisha sasa, lakini kwa majuma kadhaa jambo moja limekuwa likinirudia kila nikikaa mbele ya skrini. Nilitaka kujua habari fulani zilizomo ndani ya faili. Nani aliniambia kwamba ili nizijue ni lazima kwanza nilifungue?

## Nyuma ya dirisha jeupe

Kihariri cha kawaida hulibeba faili zima na kuliweka kwenye kumbukumbu kabla hakijakuonyesha mstari wa kwanza. Vihariri vingine huhifadhi kila herufi kwa baiti 2 hata kama kwenye diski ilichukua baiti 1, kwa hiyo gigabaiti 4 za diski hugeuka gigabaiti 8. Ongeza orodha ya mahali kila mstari unapoanzia, rangi za maandishi, na historia ya mabadiliko ili uweze kutengua ulichofanya. Yote hayo yanaandaliwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuandika. Mimi nilitaka kuuliza tu.

Wazo la kuongeza kumbukumbu lilinijia, kama linavyomjia kila mtu. Halikufika mbali. Anwani ya biti 32 inaweza kutaja baiti 4,294,967,296 na si zaidi, na Windows ya biti 32 kwa kawaida huipa programu moja nusu ya hizo, yaani gigabaiti 2. Ningejaza nafasi zote za kumbukumbu, na kihariri kingegonga ukuta uleule.

Ule mkwaruzo wa diski nao una maelezo yake. Kumbukumbu ikijaa, mfumo endeshi hutumia sehemu ya diski kama kumbukumbu ya akiba, ukihamisha vipande vya kilobaiti 4 huku na huko. Diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika hufanya mizunguko 90 kwa sekunde. Kila inapoombwa kipande kilicho mahali pengine, kichwa cha kusomea husogea, kisha husubiri sehemu ile izunguke ipite chini yake. Tuseme inaweza kufanya hivyo mara 100 kwa sekunde. Gigabaiti 5 zina vipande zaidi ya milioni 1.2 vya kilobaiti 4. Ukivisoma kimoja kimoja kwa kurukaruka, utasubiri zaidi ya saa 3. Diski hiyohiyo ikisoma mfululizo, bila kuruka, kwa megabaiti 50 kwa sekunde, humaliza faili zima kwa sekunde 100.

Sekunde 100.

Nilipoipiga hesabu hiyo kwenye karatasi nilikaa kimya kwa muda. Kompyuta niliyokuwa karibu kuiweka kando ingeweza kulisoma faili langu lote chini ya dakika 2, mradi nisiilazimishe kulishika lote kwa pamoja.

## Waliokuwa na kilobaiti 64

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya Marekani, kompyuta ya PDP-11 iliiwezesha programu kufikia kilobaiti 64 za kumbukumbu kwa wakati mmoja. Mtafiti wa hapo, Lee McMahon, alikuwa akizichunguza Federalist Papers, makala 85 za kisiasa za Marekani zilizoandikwa mwaka 1787 na 1788, ambazo baadhi yake mwandishi wake alikuwa akibishaniwa. Maandishi yote yalizidi megabaiti 1. Kihariri chao, ed, hakikuweza kuyabeba.

Mwenzake, Ken Thompson, akachukua sehemu ya ed inayotafuta maneno, akaitenga ikawa programu inayojitegemea. Programu hiyo husoma mstari, hutazama kama una neno linalotafutwa, huutoa ikiwa unalo, kisha huusahau na kwenda kwenye mstari unaofuata. Hiyo ndiyo grep. Brian Kernighan, aliyekuwa akifanya kazi nao, amekisimulia kisa hiki mara kadhaa.

Naona nguvu yake yote iko kwenye kule kusahau. Uwe na megabaiti 1 au gigabaiti 500, kumbukumbu inayohitajika ni ya mstari mmoja. Ni kama kusimama ukingoni na kuhesabu magogo yanayopita mtoni: hakuna haja ya kuyajua maji yote.

(Tahadhari moja. Kuna mafaili ambayo aliyeyatengeneza hakuweka mwisho wa mstari hata mmoja, na gigabaiti zote ni mstari mmoja. Hapo hata grep hujaribu kulibeba lote, kisha hulalamika kwamba kumbukumbu imekwisha. Faili la namna hiyo inabidi kwanza ulikate kwa alama nyingine iliyomo ndani yake.)

## Mshono

Nimesema faili lilikuja vipande viwili. Aliyenipa alitumia flashi yenye mfumo wa mafaili wa FAT32, ambao haukubali faili lifike gigabaiti 4. Mwisho wake ni baiti 4,294,967,295. Kwa hiyo alilikata kwa kufuata idadi ya baiti, na kisu kikaangukia mahali popote.

Nilitazama mwisho wa kipande cha kwanza na mwanzo wa cha pili kwa amri za tail na head. Cha kwanza kiliishia na herufi ng na baiti moja ngeni. Cha pili kilianza na baiti mbili ngeni, kisha ombe walikuwa malishoni.

Kisu kilikuwa kimepita katikati ya ritifaa.

Ritifaa iliyopinda, hii ’, huchukua baiti 3 katika usimbaji wa UTF-8, yaani namna ya kuziandika herufi kwa baiti, ambazo kwa hesabu ya kumi na sita ni E2, 80 na 99. Moja ilibaki upande huu, mbili zikavuka. Nikivishughulikia vipande hivyo mbalimbali, napata mistari miwili mibovu na ng’ombe aliyekatwa vipande. Nikiviunganisha, kidonda kinapona chenyewe. Lakini kuviunganisha kuwa faili jipya kulihitaji gigabaiti 5 nyingine za diski, nami sikuwa nazo ndani ya kompyuta.

Jibu lilikuwa amri ya cat, inayosoma kipande cha kwanza, ikifuatisha cha pili bila kusita, na kuyamwaga yote kwenye programu inayofuata. Faili likawa zima wakati linapopita, bila kuwahi kuwa zima kwenye diski. Tangu siku ile sijawahi kuwa nalo likiwa kitu kimoja, na sijalihitaji liwe hivyo.

UTF-8 yenyewe ilibuniwa na Ken Thompson yuleyule pamoja na Rob Pike, mwaka 1992. Waliipanga ili ukiangukia katikati ya herufi ujue papo hapo kwamba umeangukia katikati, kwa sababu baiti za mwendelezo zina alama yake. Ndiyo maana niliweza kuutambua mshono kwa macho.

## Mstari hauna anwani

Nilitaka pia kuchungulia katikati ya faili. Ukiiambia amri ya sed ikuonyeshe mstari wa milioni 30, itabidi iisome mistari yote iliyotangulia, kwa sababu mistari haina urefu sawa na hakuna palipoandikwa kila mmoja unaanzia wapi. Baiti ina anwani, mstari hauna. Programu ya less inalijua hilo: ukiandika 50p inaruka moja kwa moja hadi nusu ya faili kwa hesabu ya baiti, na ukurasa unatokea mara moja. Ukiizuia isihesabu namba za mistari, kwa -n, haisumbuki kabisa.

Nilisoma kurasa kadhaa nilizoangukia hivyo. Ndipo niliposhtuka.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeiagiza grep ihesabu mistari yenye neno ng'ombe, nikapata idadi, nikaiandika. Sasa nikawa nasoma ukurasa ambao una ng’ombe kwa ritifaa iliyopinda, na aya ya chini yake ina ng‘ombe kwa ritifaa iliyopinda upande wa pili, na mbele kidogo ng`ombe kwa alama ya kibodi isiyo ritifaa kabisa. Kwa jicho la mwanadamu ni mnyama mmoja. Kwa kompyuta ni maneno manne yasiyojuana, nami nilikuwa nimehesabu moja tu kati yake.

Grep haikudanganya. Ilijibu nilichouliza, herufi kwa herufi.

Hapo shaka ikaniingia kuhusu njia nzima niliyokuwa nimeanza kuipenda. Mtu anayefungua faili na kulipitia kwa macho anaweza kukutana na asichokitafuta. Anayeuliza kwa amri hupewa alichokitaja, basi. Je, nilikuwa nimebadilisha dirisha lililoganda kwa dirisha lenye ufa mwembamba?

## Vitenzi vinavyojaza kumbukumbu

Niliiweka shaka hiyo kando, nikaenda kuhesabu maneno.

Kuna mlolongo maarufu wa amri ambao Doug McIlroy, wa Bell Labs ileile, aliuchapisha mwaka 1986. Unakata maandishi yawe neno moja kila mstari, unayageuza herufi ndogo, unayapanga, unahesabu yanayofanana, unapanga kwa wingi, kisha unatoa ya juu tu. Ni amri sita tu, na unafanya kazi mpaka leo. Lakini amri yake ya kwanza inakata neno kila panapotokea kitu kisicho herufi kati ya A na Z. Kwa Kiingereza hilo huumiza kidogo tu. Kwa Kiswahili linamkata ng'ombe akawa ng na ombe, na kung'ang'ania linatoka vipande vitatu. Nikaiandika upya ili ritifaa ihesabiwe kama herufi, baada ya kuzigeuza zote ziwe aina moja, ile iliyonyooka.

Kisha nikajaribu njia inayosifiwa kuwa nyepesi: kutumia programu ya awk iweke jedwali la maneno kwenye kumbukumbu na kuongeza 1 kila neno linapojirudia. Hoja yake ni nzuri. Kumbukumbu inayohitajika haitegemei ukubwa wa faili, inategemea idadi ya maneno tofauti, na lugha ina maneno tofauti mangapi?

Inategemea lugha.

Nilitazama matumizi ya kumbukumbu yakipanda bila kutulia. Ninasoma, nilisoma, sikusoma, hatujasoma, atakapokisoma, tulivyozisoma, waliosomeshwa: kwa awk kila moja ni neno jipya linalodai nafasi yake. Kitenzi kimoja cha Kiswahili huzaa maumbo kwa mamia, ukichanganya nafsi, njeo, vitendwa na vinyambulisho hufika maelfu. Ongeza majina ya watu na makosa ya uchapaji, ambayo hayana mwisho. Kumbukumbu ikajaa, diski ikaanza kukwaruza, nikaisimamisha mapema.

Nikarudi kwa sort, amri ya kupanga, ambayo nilikuwa nimeidharau nikidhani kupanga ndiko kazi nzito kuliko zote. Inavyofanya ni hivi: huchukua maneno mengi kadiri ulivyoiruhusu, huyapanga, huyaandika kwenye faili la muda, huchukua mengine, hufanya vivyo hivyo. Mwishoni huyasoma mafaili yote ya muda kwa pamoja, kila mara ikitoa neno dogo kuliko yote yaliyo mbele yake. Hakuna kurukaruka kwingi. Diski husoma mfululizo na kuandika mfululizo. Mbinu ya kupanga kwa kuunganisha ni ya mwanahisabati John von Neumann, mwaka 1945, na ndiyo iliyotumika data zilipokaa kwenye kanda za sumaku, ambazo haziwezi kurukwa. Diski yangu ya zamani ina tabia zinazokaribia za kanda kuliko za diski mpya, na mbinu hii inaiheshimu ilivyo.

Niliipa megabaiti 800 kwa chaguo la -S, nikaielekeza mafaili ya muda iyaweke kwenye diski ya nje kwa -T, nikaweka LC_ALL=C ili ilinganishe baiti tupu badala ya kufuata kanuni za alfabeti za lugha. Nikaenda kulala. Asubuhi orodha ilikuwa tayari, na kompyuta ilikuwa inaitikia kana kwamba haikufanya lolote.

Sentensi zilizojirudia zilitoka kwa njia hiyohiyo, mistari mizima badala ya maneno.

## Kubadilisha alama moja

Kusoma faili kubwa ni jambo jepesi kuliko kulibadilisha, na hapa ndipo mtu asiyezoea hushangaa. Ritifaa iliyopinda ni baiti 3, iliyonyooka ni baiti 1. Ukibadilisha moja tu mwanzoni mwa faili, gigabaiti 5 zilizobaki lazima zisogee baiti 2 nyuma. Kwa hiyo hakuna kubadilisha, kuna kuandika upya. Hata sed ukiiambia ibadilishe faili papo hapo kwa -i, huandika nakala nyingine pembeni kisha huiweka mahali pa ile ya kwanza. Nafasi ya nakala hiyo lazima iwepo.

Nilichofanya ni kupitisha maandishi kutoka cat kwenda sed, na kutoka sed kwenda gzip, ili yabanwe kabla hayajagusa diski. Maandishi hubanika sana, mara nyingi hadi theluthi au robo. Kumbe kulikuwa na faida ya pili: kusoma faili lililobanwa kwa zcat hakuchelewi kama nilivyoogopa. Diski hutoa baiti chache, na kazi iliyobaki ni ya prosesa, ambayo kwenye kompyuta yangu ilikuwa inakaa bure ikiisubiri diski.

Hasara ipo. Faili la gzip halina mlango wa katikati. Kila safari huanzia mwanzo. Ndiyo maana nimelikata vipande vingi vidogo, safari hii kila kimoja kikiishia mwisho wa mstari, na kila kimoja kimebanwa peke yake. Nikitaka kuchungulia katikati nachukua kipande cha katikati.

## Na kwenye kompyuta mpya?

Rafiki yangu aliniambia ningempelekea tu, ana kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 32, angelifungua likafunguka. Sina shaka. Na sitaki kuupamba uzee wa kompyuta. Kuna mambo ambayo yangu haiwezi, na programu nyingi mpya hazitolewi tena kwa biti 32. Ziko hata amri za zamani zilizotengenezwa kwa namna isiyoweza kuvuka baiti 2,147,483,647 za faili moja, na hizo hukwama katikati bila maelezo ya maana.

Lakini lile swali la ufa mwembamba lilikuwa bado linaning'inia, nikaamua kulipigia hesabu pia. Tuseme kila mstari una wastani wa baiti 80. Faili lina mistari kama milioni 65. Dirisha la kihariri huonyesha mistari 50 kwa mara moja, kwa hiyo ni skrini milioni 1.3. Mtu akitazama skrini moja kila sekunde, bila kula wala kulala, atamaliza baada ya siku 15, na sekunde moja haitoshi kusoma mistari 50.

Faili lile hata likifunguliwa haliwezi kuonekana.

Hilo ndilo lililonipumzisha. Rafiki yangu angeona kurasa za mwanzo, angetafuta neno, angepata idadi, naye angekuwa amehesabu ritifaa ya aina moja. Ufa ni uleule. Wake tu una fremu pana.

Kinachohitajika, kwake na kwangu, ni sampuli ya haki. Inawezekana kuchagua mistari 1,000 kwa bahati nasibu bila kujua faili lina mistari mingapi: unashika 1,000 ya kwanza, kisha mstari wa n unaofuata unaupa nafasi ya kuingia ya 1,000 kwa n (yaani 1,000 igawanywe kwa n), na ukiingia unautoa mmoja kati ya iliyoshikwa, nao kwa bahati nasibu. Faili likipita lote, kila mstari umepata nafasi sawa, na kumbukumbu iliyotumika ni ya mistari 1,000. Amri ya shuf yenye -n, katika matoleo yake ya karibuni, hufanya hivyo.

Nimeisoma sampuli hiyo mstari kwa mstari. Nilikuta sentensi nzima za Kiingereza, namba za kurasa zilizonasa katikati ya aya, na majina ya sura yanayojirudia kila baada ya ukurasa. Nilikuta pia ile alama ya kibodi, ` , ambayo nilikuwa karibu kuigeuza kila mahali kuwa ritifaa. Kumbe katika mistari michache ni ya mafunzo ya kompyuta, ambako imekaa mahali pake. Kwa hiyo hiyo sijaigusa. Nimeitoa mistari yote yenye alama hiyo nikaiweka kwenye faili lake dogo, linalofunguka kwenye kihariri chochote, na naipitia mmoja mmoja kila jioni.